Mgonjwa wa Jumanne

Kikombe cha chai kilimpita Ofa sikioni, kikapasukia ukutani.

"Huo ni mkono wa kulia," alisema Ofa akijipangusa. "Mimi nautaka wa kushoto, mzee."

"Wa kushoto ungekuwa mzima ningekung'oa meno, we kinyago!" alifoka Merv Haggerty.

Hiyo ilikuwa wiki ya tisa. Ofa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alipewa mgonjwa mmoja tu katika maabara ile ya utafiti wa kiharusi mjini Townsville: mkata manyoya ya kondoo, bondia wa zamani, aliyepooza upande wa kushoto miaka miwili nyuma. Kila Jumanne binti huyo alimbandika nyaya kichwani na mkononi, naye mzee akamlipa kwa mate, mateke na matusi. Wanafunzi wawili waliomtangulia walikuwa wamekimbia.

Mkewe, Doreen, hakukosa hata siku moja. Aliketi upande ule uliopooza, akimlisha biskuti na kumfuta udenda. Doreen alipotabasamu, taya lake lilienda kombo kidogo, kama lililowahi kuvunjwa zamani.

"Mvumilie, mwanangu," alimwambia Ofa. "Siku hizi amepoa."

Ofa akainama kukaza waya.

Ghafla koo likabanwa. Vidole vilizama shingoni, macho yakamtoka pima. Merv akamgongesha kichwa mezani, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ikamchuruzika puani. Dakta Pham, msimamizi wa maabara, alikuja mbio. Wakavutana, wakaangusha mashine, hadi vidole vikabanduliwa kimoja kimoja.

"Basi! Naita polisi!" Dakta alihema.

"Dakta," alisema Ofa kwa sauti iliyokwaruza, akicheka huku damu ikimtiririka. "Hebu tazama ni mkono upi."

Dakta Pham akatazama. Akapiga yowe, akamkumbatia Ofa na damu yake yote. Merv naye aliutazama mkono wake wa kushoto. Akaukunja ngumi, akaukunjua, akaukunja tena, akalia kama mtoto.

"Mama, umeona?" Ofa aligeuka. "Umeona?"

Kiti cha Doreen kilikuwa kitupu. Alikuwa amefika mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mwanangu," alinong'ona, "hamwezi kuurudisha huo mkono ulivyokuwa?"