Ushahidi wa Bi Mwanaidi

Mpelelezi wa mahakama ya kimataifa alimuuliza Bi Mwanaidi swali moja tu: siku soko lilipopigwa bomu, je, kulikuwa na mpiganaji yeyote ndani?

"Sheria ya vita inataka tujue, mama: akiwemo mpiganaji, soko laweza kuhesabiwa shabaha halali. Wenzako wote wamesema hakuwepo."

Siku ile majirani zake walizika watoto, naye alizika wake.

"Alikuwepo mmoja," alisema. "Mwanangu Mbaruku. Bunduki aliificha chini ya magunia yangu ya mchele pale sokoni, na mimi nilijua."

Mpelelezi aliandika polepole, kisha akamsogezea karatasi atie dole gumba.

Nje, wanawake wenzake waliokwisha kutoa ushahidi, waliokuwa kwenye benchi, walijibana ili apate nafasi katikati yao. Bi Mwanaidi alibaki amesimama, wino haujamkauka kidoleni.