Injini Nyuma ya Jiko

Imani alimshika kuku mguu kwa ncha za vidole viwili, akamnyanyua kutoka kwenye karai. Alikuwa tetea wake wa mayai. Sasa alikuwa bonge jeusi la mafuta machafu, mdomo wazi, macho yamegandana. Akamtupa jalalani, akageuka pembeni na kutema mate.

"Bakary! Lidude hili liondoke hapa, au niondoke mimi."

Mumewe hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, mbele ya injini iliyolazwa juu ya matairi mawili mabovu, mkono umezama ndani hadi kiwiko.

"Vumilia, mke wangu. Kufufua injini iliyokufa si mchezo."

Ulikuwa mwezi wa tano tangu lidude lile lilazwe pale. Gari lenyewe lilikuwa ubavuni mwa nyumba, limefunikwa turubai na kufungwa kamba kila upande. Gari jeusi la kifahari, viti vya ngozi, ambalo watu wa Miteja walizoea kuliona likipita tu. Lilikuwa la marehemu Mzee Stefano, mnunuzi wa korosho wa kule Njinjo. Miezi miwili baada ya mazishi lilizimika barabarani, mjane wake akiwa ndani. Bakary akaitwa. Alifunua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa mithili ya daktari.

"Mama, injini imekufa."

Mjane, Mama Scholastica, aliangua kilio pale pale barabarani. Imani mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. "Mwuzie mume wangu, mama. Hana roho ya kumdhulumu mtu." Likauzwa kwa bei ya chuma chakavu, likavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Siku ya pili Imani aliporudi sokoni, injini ilishakuwa nyuma ya jiko, na gari limeshafunikwa.

Tangu hapo nyumba ilinuka. Chai ilinuka dizeli, mashuka yalinuka grisi. Bakary alinawa juu juu, na kila alipomega tonge aliacha alama nyeusi za vidole kwenye ugali. Imani akaanza kujipakulia sahani yake na kula peke yake, mgongo ameugeuzia uani.

Siku ya kuifumua injini ilikuwa mbaya zaidi. Bakary alichokonoa kwa bisibisi, akatoa kiota cha panya: matambara, manyoya, mavi yaliyokauka, na mifupa midogo iliyogeuka rangi kwa kutu. Imani aliziba pua kwa khanga.

"Gari juzi tu lilikuwa linatembea. Panya wameingia saa ngapi?"

"Magari ya matajiri hayo," Bakary alijibu. "Wanaosha nje tu."

Mafundi wenzake walipokuja kutaka kumsaidia, aliwapokea barazani na kuagana nao hapo hapo. Wana husuda wale, alisema. Turubai nalo alipiga marufuku lisiguswe: vumbi likiingia, kazi yote bure.

Aliyekaribishwa uani alikuwa mmoja tu. Kila baada ya wiki mbili Mama Scholastica alikuja kwa bodaboda kutoka Njinjo, gunia la mihogo mapajani, au korosho, na safari moja jogoo mzima. Alisimama mbele ya ile injini, mikono kichwani.

"Nisamehe, baba. Nimekuuzia maiti."

"Usijali, mama. Ndiyo kazi niliyoichagua," Bakary alisema, akajifuta jasho.

Jogoo yule alimla siku ileile, akifyonza mfupa mmoja mmoja, mchuzi ukimchuruzika kidevuni pamoja na grisi. Imani alimtazama, kichefuchefu kikampanda. Hakujua kwa nini siku ile kilikuwa kikali kuliko cha kiota cha panya. Labda ni kwa sababu yule mama alikuwa amekonda, na viatu vyake vilikuwa vimeanza kuachama mbele.

Jumatano moja Bakary aliaga anakwenda Nangurukuru kutafuta spea. Hakupita muda, bodaboda ikasimama nje.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ametoka. Karibu ukae."

Mama Scholastica hakukaa. Alifungua fundo la khanga, akatoa ufunguo. "Nimeukuta kwenye koti la marehemu. Ni wa akiba. Gari si langu tena, nikaona si haki kukaa nao." Akasita. "Ila mwanangu, naomba nikalie kile kiti mara moja tu. Nimuage marehemu, basi."

Imani aliikumbuka marufuku ya mumewe, kisha akayatazama macho ya yule mama. Alikwenda ubavuni mwa nyumba, akafungua kamba za upande wa dereva, akalikunja turubai mpaka mlango ukaonekana. Ndani kulinuka ngozi safi na marashi. Ilikuwa harufu nzuri ya kwanza aliyoivuta katika nyumba ile kwa miezi mitano.

Mama Scholastica aliketi, akapangusa usukani kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho Imani hakukisikia, naye hakutaka kusikiliza. Alitazama kando, nyuma ya jiko, nzi wakizunguka chuma.

"Hebu nione kama ndio wenyewe," mama alisema, akauingiza ufunguo. "Nisije nikawaletea wa kabati."

Akauzungusha.

Gari likawaka. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilinguruma taratibu chini ya turubai, kama lilivyonguruma siku zote lilipopita Miteja, na injini ikiwa pale pale nyuma ya jiko, juu ya matairi yake mawili, imefumuliwa vipande vipande.