Shuka la Njano Juu ya Bati

Simu ilitetemeka juu ya meza gizani, na mchora ramani akaidaka kabla haijaanguka. Kwa siku tatu za mafuriko setilaiti iliona mawingu tu. Sasa picha imefika, na kijiji cha mama yake kimegeuka ziwa.

Mwanawe alimpanda mapajani. "Nyumba ya bibi iko wapi?"

"Tulia, mwanangu, tunaitafuta."

Alisogeza picha kwa kidole, paa baada ya paa, roho mkononi. Mara kidole kikaganda. Toka huko juu kusikofika hata tai, jicho la setilaiti lilikuwa limeona shuka la njano juu ya bati la nyumba yao, dogo kama ukucha, limenyooshwa pembe zote nne.

Aliziba mdomo kwa kiganja. Shuka halijitandiki lenyewe.

"Bibi ametandika," mtoto akasema.