Kilichobaki cha Saburi

Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikwisha jana. Leo Mwanakombo alisimama maabarani, akitazama kisahani chenye seli za uvimbe wa ubongo uliomuua mumewe, Saburi. Zilikuwa hai bado.

"Alituachia mwenyewe, siku ya upasuaji," alisema Daktari Tumsifu. "Tunazilisha mpaka leo. Sasa tunazijaribu kwa plazima baridi, gesi iliyotiwa umeme."

Akawasha kijibomba chembamba kama kalamu, kikatoa ulimi wa moto wa zambarau. "Gusa, mama. Hauunguzi."

Mwanakombo aligusa. Ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Moto huu ungemponya?"

"Kwenye kisahani unaua seli. Kichwani mwa mtu, bado hatujui kuufikisha."

Daktari akauelekeza kwenye kisahani, akasubiri, kisha akachungulia kwenye hadubini. "Zinakufa!" alisema kwa furaha. "Zote, mama! Njoo uone."

Mwanakombo hakusogea.

"Basi, daktari, nianze kuhesabu siku upya?"

Daktari hakuelewa. Mwanakombo alishika ncha ya kanga na kuanza kujifuta, taratibu, wanja aliopaka asubuhi ile, wa kwanza tangu amzike mumewe.