Wimbo wa Kukamulia

Nilirudi malishoni miezi minne baada ya upasuaji. Nikasimama kwa mguu mmoja kama wakamuaji wa ngamia wote, chombo cha maziwa juu ya goti la mguu wa pili, nikamwimbia ngamia wangu. Kwa miaka tisa alikuwa akiachia maziwa kwa sauti yangu tu.

Akayabana. Mpira walioupitisha kooni mwangu hospitalini ulikuwa umeniachia sauti ya mlango mbovu.

“Kaka Guled, unakwaruza kama fisi,” mdogo wangu alicheka. “Hata mimi ningebana.”

“Daktari alisema sauti ingerudi baada ya wiki mbili.”

Hapo akaacha kucheka.

Nikaimba tena. Ngamia alininusa shati, akanyoosha shingo, akaitazama njia niliyojia. Akangoja.

Kisha akaanza kulia, mlio uleule wa chini aliolia siku alipokufa ndama wake wa kwanza.