Kura ya Mashabiki

Siku hizi dereva wa mashindano akifa, akili na sauti yake huingizwa kwenye mchezo wa video wa mtandaoni, ambamo wachezaji humwendesha kwa zamu, mmoja mmoja, na mashabiki ndio huamua atakavyokuwa katika toleo jipya. Mwaka huu walipiga kura kwa kishindo: madereva wakumbuke kila ajali, ili waendeshe kwa hofu ya kweli.

Kila jioni, akishabandika chungu, Tunu aliwasha mchezo akamwendesha marehemu mumewe, Mbarak. Alimpeleka polepole nyuma ya magari yote. Mbarak, asiyejua kama amekufa, alimuuliza kwenye redio ya gari, “Leo umetupikia nini, mama Zuhra?” Wakacheka.

Toleo jipya lilipofika, Tunu aliliwasha mwiko ukiwa bado mkononi.

“Leo maharage ya nazi,” akawahi kusema.

Mbarak alikuwa akihema. “Mama Zuhra, watu wananibamiza ukutani tangu asubuhi. Kila nikifa, naanza upya.”

“Basi ngoja nizime, upumzike.”

“Usizime!” akapiga kelele. “Ni kwako tu ninakopumzika. Ukizima, wananichukua.”

Harufu ya maharage yanayoungua ikajaa nyumba nzima. Tunu hakuthubutu kunyanyua kidole kwenye vitufe vya mchezo.