Ncha Ndani ya Tofali

Mwashi alikuwa akipandisha ukuta wa darasa la chekechea alipohisi kitu kimemchoma kidole gumba.

Aligeuza tofali. Lilikuwa la plastiki iliyoyeyushwa pamoja na mchanga, plastiki ya ile mifuko ambayo hata waokota taka huiacha. Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye aliyeyafyatua matofali hayo, akaapa kwamba taka zote zilitoka majumbani. Lakini ubavuni ilichomoza ncha ya sindano, nyembamba kama unywele, pamoja na kipande cha mpira wa dripu ambacho hakikuyeyuka sawasawa.

"Shemeji, taka hizi ulizitoa wapi?" alimuuliza shemeji, aliyekuwa akimsogezea matofali.

"Si nilishakwambia? Majumbani kwa watu."

"Watu gani hao wanaotundikiwa dripu jikoni?"

Shemeji alicheka peke yake. "Usinitafutie maneno. Piga lipu, nani ataona? Dada yako ndiye mwalimu mkuu hapa. Unataka aumbuke?"

Mwashi alikibana kidole mpaka damu ikatoka. Akazitazama safu kumi na moja alizozipanga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaweka mwiko chini na kuokota nyundo.

"Kamwite dada," alisema. "Na watoto wasisogee hapa."